Rekodi za Bodaboda: Kampala Inavyosafiri Msimu wa Krismasi

Likifika juma la mwisho kabla ya Krismasi, Kampala huhamia vijijini. Vituo vya mabasi vya Kisenyi na Namayiba hufurika usiku na mchana, takisi za abiria 14 hazitoshi, na foleni za barabara ya Masaka, ya Jinja na ya Gulu huanza kabla jua halijachomoza. Katikati ya pilika zote hizo yuko dereva wa bodaboda. Ndiye anayemwahisha abiria kituoni na mabegi yake, ndiye anayetoa kuku na mchele sokoni hadi nyumbani, na basi linapomshusha mtu kando ya lami huko Lyantonde au Kamuli, bodaboda nyingine humpeleka hadi uani kwa wazazi wake.

Orodha hii inakusanya yaliyopita kiasi katika msimu huo: safari ndefu kuliko zote, mzigo uliopangwa kwa ustadi kuliko yote, siku ya pilika na siku ya utulivu. Nimeanza na yanayofurahisha, nikamalizia na yanayopaswa kubadilika, kwa sababu naamini kwamba mtu anayebeba sikukuu ya jiji zima mgongoni mwake anastahili kulindwa zaidi kuliko anavyolindwa sasa.

Asili kongwe zaidi: Busia, miaka ya 1960

Kabla ya pikipiki zilikuwepo baiskeli. Pale Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, kituo cha forodha cha upande huu na cha upande ule vilitenganishwa na mwendo wa karibu kilomita moja, na msafiri aliyeshuka kwenye basi alilazimika kuumaliza kwa miguu na mizigo kichwani. Vijana wa Busia wakaona kazi hapo. Wakafunga mto nyuma ya baiskeli na kuwavusha watu kwa malipo madogo. Kazi ikaenea miji ya mashariki mwa Uganda, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 pikipiki zikaanza kushika nafasi yake Kampala, jiji la vilima ambalo miguu ya mwendesha baiskeli haikuliweza. Leo kazi hiyo imeenea Kenya, Tanzania na mashariki mwa Kongo, na kila kijana anayesubiri abiria kijiweni ni mrithi wa wale vijana wa mpakani.

Pikipiki inayotawala zaidi: Bajaj Boxer

Duniani kote hakuna chombo chenye injini kilichotengenezwa kwa wingi kuliko Honda Super Cub ya Kijapani, ambayo mwaka 2017 ilivuka idadi ya milioni 100. Lakini katika sitegi za Kampala, yaani vijiwe vya bodaboda, anayetawala ni Bajaj Boxer kutoka India. Injini yake ni ndogo, ya cc 100 hivi, inapozwa na upepo tu, haili mafuta mengi, na vipuri vyake vinapatikana Kisekka, Ndeeba na karibu kila kituo cha biashara kijijini. Fundi aliyekaa chini ya mwembe na spana chache anaweza kuifungua na kuifunga tena siku hiyohiyo.

Ndiyo maana katikati ya Desemba mafundi hawalali. Dereva mwenye busara hubadilisha oili, hukaza mnyororo, huweka viatu vipya vya breki na kukagua tairi la nyuma, maana ndilo linalobeba uzito wa msimu.

Mzigo uliopangwa kwa ustadi zaidi: Kalerwe, tarehe 23 Desemba

Simama Kalerwe asubuhi, kando ya barabara ya Gayaza, uitazame pikipiki moja tu ikipakiwa. Kwanza dereva anatandika majani ya mgomba nyuma ya kiti. Juu yake anaulaza mkungu wa matoke kwa ubavu, kikonyo kikiangalia nje ili kisimchome abiria mgongoni. Kisha anatoa mikanda mirefu ya mpira, iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu za magari. Anaivuta hadi inakonda, anaipitisha chini ya kiti, anaizungusha juu ya mkungu na kuchomeka ncha yake chini ya mzunguko wa mwisho, bila fundo lolote. Anaushika mkungu kwa mikono miwili na kuutikisa. Pikipiki nzima inatikisika pamoja nao, naye anaridhika.

Mfuko wa mchele unakaa juu ya tangi la mafuta. Kuku wanne, waliofungwa miguu wawili wawili, wananing'inizwa kwenye usukani. Mwenye mzigo, mama anayekwenda Kasangati, anapanda na kujibana kati ya dereva na mkungu, mfuko wa plastiki ukiwa kifuani.

"Maama, shika vizuri, huko mbele kuna matuta."

"Haya ssebo, lakini taratibu. Nimebeba mayai."

Huo ni ustadi unaofundishwa kijiweni, na una hesabu zake. Uzito mwingi nyuma hulifanya gurudumu la mbele kuwa jepesi, na usukani hupoteza mshiko. Kuku wanaobembea huvuta usukani upande mmoja kila kona. Pikipiki iliyoelemewa huhitaji nafasi ndefu zaidi kusimama, hasa lami inapokuwa na mchanga. Dereva anayejua kazi huacha nafasi kubwa nyuma ya gari lililomtangulia, na hushuka mteremko kwa gia badala ya kutegemea breki peke yake.

Waislamu wa Kampala nao wana rekodi yao. Idd al-Adha inapokaribia, mbuzi husafirishwa kwa bodaboda kuelekea vitongoji vyote vya jiji, na asubuhi ya sala pikipiki hupanda kilima cha Old Kampala, kwenye Msikiti wa Taifa, zikiwa na watu waliovaa kanzu nyeupe.

Siku ya pilika kupita zote: 24 Desemba

Mkesha wa Krismasi haufanani na siku nyingine. Kikuubo, ule mtaa mwembamba wa maduka ya jumla, hujaa wachuuzi wanaobeba maboksi kichwani. Katika soko la Owino nguo za watoto hupanguliwa. Nauli za mabasi hupanda, mara nyingi hadi maradufu, na aliyechelewa kupata kiti hubaki kituoni na mabegi yake akisubiri basi lirudi kutoka Mbarara au Mbale.

Foleni inapoganda, pikipiki pekee ndiyo inayopenya. Hapo ndipo bodaboda inapogeuka kuwa tegemeo la mwisho. Mtu yuko Ntinda, basi lake linaondoka Namayiba muda si mrefu, na gari dogo halina njia. Bei anayotajiwa ni kubwa kuliko ya siku za kawaida, naye hulipa. Dereva naye hafanyi hivyo kwa tamaa peke yake: mapato ya juma hilo ndiyo karo ya Februari, shule zinapofunguliwa.

Siku tulivu kupita zote: 25 Desemba

Kesho yake jiji hutulia. Sensa ya mwaka 2024 iliwahesabu wakazi wa Kampala kuwa karibu milioni 1.8, na mchana wa siku ya kazi maelfu kwa maelfu wengine huingia kutoka Wakiso na Mukono. Lakini asubuhi ya Krismasi unaweza kuvuka barabara ya Jinja bila kutazama mara tatu. Walioko mjini wanaelekea makanisani, Rubaga na Namirembe, na madereva wachache waliobaki hufanya kazi hiyo: baba mbele ya mlango wa nyumba akiwa na suti, mama akiwa na gomesi inayohitaji kukusanywa vizuri kabla ya kupanda ili isishikwe na mnyororo.

Safari ndefu zaidi: Kisoro na Arua

Madereva wengi wa bodaboda si wenyeji wa Kampala. Wametoka Masaka, Busoga, Kigezi, Teso na West Nile, na pikipiki ndiyo mali kubwa waliyoipata mjini. Krismasi ikifika, baadhi yao huifunga mizigo na kuondoka nayo. Wa Masaka ana kilomita 130 hivi. Wa Gulu ana zaidi ya 330. Wa Kisoro na wa Arua wana karibu 500 kila mmoja, kwa chombo walichozoea kukiendesha mjini.

Njia ya Kisoro ndiyo yenye mengi ya kuonyesha. Kilomita 70 na kidogo kutoka Kampala, pale Kayabwe, msafiri huvuka mstari wa ikweta. Baadaye huja Lwera, eneo la majimaji ambalo barabara hukatiza kama tuta refu, kisha Lukaya na moshi wa nyama ya kuchoma. Baada ya Mbarara barabara huanza kupanda, na kati ya Kabale na Kisoro hupita juu sana ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Kule juu ukungu wa asubuhi huganda kwenye kioo cha helmeti, na mikono isiyo na glavu hufa ganzi kwenye breki.

Anayekwenda mashariki hupata faraja mapema zaidi: kivuli cha msitu wa Mabira, gonja na kuku wa kuchoma Namawojjolo na Najjembe, kisha Jinja, ambako daraja la nyaya lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018, limeupa mto Nile mandhari mpya kando ya bwawa la zamani la mwaka 1954.

Walio na busara zaidi hupakia pikipiki kwenye lori au basi, wenyewe wakalala kwenye kiti hadi wafike. Mtu aliyefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku wa manane kwa majuma mawili mfululizo hana macho ya kumpeleka Arua. Uchovu haubembelezeki, na barabara ya usiku haimsamehe aliyesinzia hata kwa dakika moja.

Safari inayopita majini: Ssese

Wenyeji wa visiwa vya Ssese, wilaya ya Kalangala yenye visiwa 84 ndani ya Ziwa Victoria, nao hurudi nyumbani. Mwenye pikipiki hufuata lami hadi Masaka, hukata kushoto kwenda Bukakata, na pale ufukweni hupanda kivuko cha bure kinachovuka hadi Luku, kisiwa cha Bugala. Msimu wa sikukuu foleni ya magari hapo huwa ndefu, lakini pikipiki huchomekwa katikati ya malori, na mwenyewe husimama kando yake akiishika isianguke mawimbi yanapopiga.

Umati mkubwa zaidi: Namugongo, tarehe 3 Juni

Msimu wa pili kwa ukubwa hauko Desemba. Kila Juni 3, mahujaji humiminika Namugongo, mashariki mwa Kampala, kuwakumbuka mashahidi waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wakatoliki 22 kati yao walitangazwa watakatifu Oktoba 1964, na mapapa watatu wamefika mahali hapo: Paulo VI mwaka 1969, Yohane Paulo II mwaka 1993 na Fransisko mwaka 2015.

Maelfu huja kwa miguu, wengine wakitembea majuma kadhaa kutoka mbali, hata nje ya Uganda. Polisi hufunga barabara za jirani, na bodaboda hukomea nje ya eneo hilo. Kazi ya dereva siku hiyo huwa ni kuwabeba wazee na wagonjwa hadi mahali pa mwisho anaporuhusiwa, na jioni kuwachukua watu ambao miguu yao imekataa.

Krismasi ngumu zaidi: 2020

Machi 25, 2020, Rais Museveni alizuia bodaboda kubeba abiria ili kupunguza kuenea kwa korona. Mizigo tu ndiyo iliyoruhusiwa. Kwa miezi minne madereva waliishi kwa kupeleka unga, dawa na vyakula milangoni, na abiria hawakurudi hadi Julai 27. Hata hapo walitakiwa kuzima injini saa kumi na mbili jioni, saa ambayo kazi nzuri ndiyo kwanza inaanza.

Hivyo Krismasi ya mwaka ule ilipita na amri hiyo shingoni. Mkesha uliokuwa ukilipa karo ya watoto ulikatwa kabla giza halijaingia. Msimu ule ulidhihirisha jambo moja: dereva wa bodaboda hana mshahara wa kumsubiri wala akiba kubwa, na saa anayozuiwa kufanya kazi ndiyo chakula anachokosa.

Sheria inayovunjwa zaidi: abiria mmoja tu

Rekodi ya dunia ya watu wengi juu ya pikipiki moja inashikiliwa na wanajeshi wa India. Novemba 2017, kwenye uwanja wa ndege wa kijeshi karibu na Bengaluru, watu 58 walipanda Royal Enfield moja ya cc 500 na ikatembea nao. Lile lilikuwa onyesho, kwenye njia pana isiyo na gari lingine, na mazoezi ya muda mrefu nyuma yake.

Sheria ya Uganda inaruhusu abiria mmoja. Kubeba wawili, watatu, baba na mama na watoto katikati, jambo ambalo Tanzania huliita mshikaki, huonekana kila siku ya sikukuu. Sababu yake naielewa: nauli imepanda, familia ni kubwa, na safari ya mwisho kutoka lami hadi kijijini haina gari. Lakini mtoto aliyekaa juu ya tangi ndiye anayetangulia kurushwa pikipiki inapogonga kitu. Kuigawa familia katika safari mbili ni gharama ndogo kuliko ile ya ajali.

Hatari kubwa zaidi: barabara kuu

Mwaka 2024 zaidi ya watu 5,000 walikufa katika ajali za barabarani Uganda, na wapanda pikipiki, dereva na abiria, ni kundi kubwa sana miongoni mwao. Madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Mulago wamesema kwa miaka mingi kwamba majeruhi wa bodaboda wanajaza wodi zao. Barabara ya Masaka ilikuwa na sifa mbaya kiasi kwamba mwaka 2016 polisi na wenzao wa wizara ya ujenzi walianzisha operesheni ya Fika Salama huko, wakiweka vizuizi na kukagua mwendo wa magari.

Pikipiki ya cc 100 haiwezi kukimbia na basi, na haipaswi kujaribu. Basi linapoipita kwa karibu, upepo wake huisukuma kwanza pembeni, kisha huivuta ndani. Dereva wa mjini aliyezoea foleni za polepole hukutana na nguvu hiyo mara moja kwa mwaka, tena akiwa amechoka na amepakia mizigo. Hapo ndipo safari nyingi za sikukuu zinapoishia.

Badiliko la haraka zaidi: Vietnam, 2007

Ipo nchi inayoijua hali hii kuliko sisi. Vietnam ina watu milioni 100 hivi na pikipiki zilizosajiliwa zaidi ya milioni 70. Mwaka mpya wao, Tết, unapofika Januari au Februari, vibarua na wanafunzi wa Ho Chi Minh City hufunga maboksi nyuma ya pikipiki na kuelekea makwao kwenye delta ya Mekong. Wa kaskazini hubeba hata matawi ya mpichi yenye maua. Mtu wa Kalerwe angewatambua mara moja.

Desemba 15, 2007, serikali ya Vietnam iliwalazimisha wapanda pikipiki wote, dereva na abiria, kuvaa helmeti katika barabara zote, na polisi wakaanza kutoza faini siku hiyohiyo. Kabla yake waliovaa hawakufika nusu. Ndani ya muda mfupi walipita asilimia 90. Tết ya Februari 2008 ilikuwa ya kwanza ambayo karibu kila kichwa barabarani kilikuwa kimefunikwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi duniani umeonyesha kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Si lazima twende mbali. Kigali, safari ya siku moja kutoka Kampala, abiria wa pikipiki hukabidhiwa helmeti kabla hajapanda, na dereva hathubutu kuondoka bila hiyo.

Rekodi inayosubiri kuvunjwa: helmeti mbili kwa kila pikipiki

Uganda haikosi sheria. Kanuni za mwaka 2004 zinawataka dereva na abiria wote wavae helmeti. Na mfano wa kuigwa ulianzia Kampala yenyewe: kuanzia mwaka 2014 SafeBoda iliingiza barabarani madereva wenye helmeti za rangi ya chungwa na helmeti ya pili kwa ajili ya abiria, na watu wakazoea kuivaa. Hata hivyo, ukisimama leo kwenye sitegi nyingi utaona dereva amevaa yake, au ameitundika kwenye kiwiko, huku abiria akiwa na nywele zake tu.

Nguvu ya kubadilisha hili iko karibu. Kila sitegi ina mwenyekiti na orodha ya wanachama, na mwanachama asiyefuata utaratibu hufukuzwa. Mwenyekiti anayeweza kukusanya michango ya msiba anaweza pia kusimamia helmeti ya pili, na kitambaa chepesi cha kichwani kinamaliza lalamiko la abiria wanaoogopa kuvaa kofia iliyovaliwa na wengine. Mabosi wanaokodisha pikipiki na kampuni zinazozikopesha wanaweza kuhakikisha kwamba hakuna chombo kinachotoka bila helmeti mbili. Polisi wana majuma mawili ya mwanzo wa Desemba, kabla msafara haujaanza, ya kukagua pale Busega, Bwaise na Mukono, njia tatu za kutokea jijini.

Abiria naye ana sehemu yake, na pengine ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu pesa iko mkononi mwake. Kabla ya kuuliza bei, aulize helmeti. Akiambiwa haipo, aende kwa dereva wa pili, na wa tatu. Sitegi moja ikipoteza wateja kumi mkesha wa Krismasi kwa kukosa helmeti, Januari haitaisha kabla haijazinunua.